Mkanda Kwanza

Muulize saidia fundi wa siku hizi ni upande gani wa betri unaofunguliwa kwanza kabla ya kugusa nyaya za gari, atakujibu hata hujamaliza: hasi. Kwa gari lililo mbele yake, jibu ni sahihi. Lakini mimi nilipoingia gereji hapa Tanga mwaka 1968 sikufundishwa hivyo, na mzee aliyenifundisha alikuwa fundi kuliko wengi ninaowaona leo. Yeye alisema, "Mkanda kwanza, mwanangu, na mkanda mwisho." Hasi hakuitaja, na alikuwa na sababu. Katika Land Rover nyingi zilizotujia kutoka mashamba ya mkonge, upande uliofungwa kwenye bodi ulikuwa chanya.

Mkanda aliousema ulikuwa wa shaba iliyosukwa, bapa, upana wa vidole viwili, hauna mpira wala kitambaa juu yake. Ncha moja ilifungwa kwenye kichwa cha betri, ya pili ikabanwa kwa bolti kwenye chasisi. Waya wa kichwa cha pili ulikuwa wa mviringo, mnene, umevikwa gamba, ukielekea kwenye stata. Hata usiku, taa ikizimika, ungepapasa tu na kujua upi ni upi. Alama za kujumlisha na kutoa zilizoandikwa juu ya betri mara nyingi zilikuwa zimekwisha kuliwa na tindikali, na mzee hakuzihitaji.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza, ila wachache huieleza. Chasisi, injini na bodi kwa pamoja ni waya mmoja mkubwa wa kurudishia umeme kwenye betri. Ukiweka spana kwenye kichwa kilichofungwa kwenye bodi, na spana hiyo ikagusa boneti au bomba, hakuna kitu: umegusanisha bodi na bodi. Ukianza na kichwa kile kingine, chuma chochote spana itakachokigusa kitakuwa kimeunganisha pande mbili za betri bila kizuizi. Ukishauondoa mkanda, kichwa kilichobaki hakina njia ya kurudia. Kifungue kwa raha zako. Wakati wa kufunga, mkanda unarudi mwisho kwa sababu hiyohiyo.

Watu huidharau betri ya gari kwa kuwa ni ya volti 12. Mtu mwenye mikono mikavu akishika vichwa vyote viwili hasikii chochote, basi anadhani ni mchezo. Hatari haiko kwenye volti, iko kwenye ampea. Betri iliyotengenezwa kuzungusha stata inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mpigo, na chuma kinachounganisha vichwa vyake viwili huwa chekundu kabla hujakiachia. Nimeona spana ikigandia kwenye bodi kama iliyochomelewa, na nimeona kidole cha mtu kilichokuwa na pete ya ndoa. Tangu hapo kila kijana aliyefanya kazi chini yangu alivua saa na pete na kuviweka mfukoni kabla ya kufungua boneti. Halafu kuna gesi. Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, na hewa ikishakuwa na asilimia 4 tu ya gesi hiyo, cheche moja inatosha kuilipua. Kinachorushwa hapo si plastiki peke yake. Ni tindikali, na fundi huwa ameinama, uso uko juu yake.

Magari ya kwanza kuonekana nchi hii hayakuwa na shida hiyo. Luteni wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari Agosti 1907 akilenga kulikata bara zima, akafika Swakopmund kwenye bahari ya magharibi Mei 1909. Injini za zama hizo kwa kawaida zilizungushwa kwa hendeli, cheche ya kuwashia ikatoka kwenye magneto, na taa za mbele zikawaka kwa gesi ya kabaidi. Betri ya risasi na tindikali ilikuwapo, Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, ila gari halikuwa na haja kubwa nayo. Iliyoingiza betri nzito chini ya boneti ni stata ya umeme. Charles Kettering wa Marekani aliitengeneza, na Cadillac ikaitoa kwenye magari yake ya mwaka 1912. Hendeli iliyokuwa ikivunja watu mikono ikaanza kustaafu, na mahali pake tukapewa kitu kinachounguza.

Baada ya hapo likazuka swali ambalo hakuna aliyelitungia sheria: upande gani wa betri ufungwe kwenye bodi? Kila kiwanda kikachagua chake. Ford ya Model T ilifunga hasi. Ilipokuja Model A mwaka 1928, Ford ikafunga chanya na kuendelea hivyo, kwa volti 6, mpaka magari ya mwaka 1955. Chevrolet ilibaki na hasi. Jeep za jeshi la Marekani katika Vita Vikuu vya Pili zilikuwa za volti 6 na bodi hasi. Waingereza nao, wakiifuata kampuni ya Lucas ya Birmingham iliyowauzia karibu kila kifaa cha umeme, waligeuza katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 na kufunga chanya kwenye bodi. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi: walisema kutu ya vichwa vya betri na nyaya ingepungua na plagi zingetoa cheche kwa urahisi zaidi. Mitambo ya simu za mezani mpaka leo hufunga chanya ardhini kwa kuikimbia kutu hiyohiyo. Lakini kwa upepo wa bahari wa Tanga sikuona tofauti. Vichwa viliota ukungu mweupe na wa kijani kwenye magari ya Waingereza na ya Wajerumani sawasawa, na dawa yetu ilikuwa ileile: maji ya moto na magadi, kisha grisi.

Mzee wangu alikuwa Mbondei wa upande wa Muheza. Alijifunza gari jeshini, akaendesha malori ya jeshi huko Burma, na aliporudi akapata kazi Kongwa kwenye mradi wa karanga. Mradi ule ulioanza mwaka 1947 na kufungwa mwaka 1951 husimuliwa kama kichekesho cha wakoloni, na kwa karanga ni kweli ulikuwa kichekesho. Kwa ufundi ulikuwa shule. Ulikusanya matrekta, matingatinga na malori yaliyobaki vitani, ya Kimarekani na ya Kiingereza, ukayaweka kwenye vumbi moja, ukawapa vijana wa Kitanganyika spana kwa sababu Wazungu hawakutosha. Mzee alisimulia kuwa uani mle ungekuta mashine mbili zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, moja bodi yake hasi, nyingine bodi yake chanya. Fundi aliyekariri upande mmoja hakudumu. Waliodumu walifuata kilichofungwa kwenye chuma, wakaacha alama za betri ziseme zitakalo. Naamini kanuni yake ya mkanda ilizaliwa pale.

Kutoka Kongwa wengi walitawanyika. Wengine walishika usukani wa mabasi, wengine waliingia kwenye mashamba ya mkonge, na wengine wakaja mijini kwenye gereji za Wahindi na Makalasinga. Gereji niliyoanzia ilikuwa ya Singasinga tuliyemwita Sardar, hatua chache kutoka mitaa ya namba ya Ngamiani. Sardar alikuwa bingwa wa injini. Umeme alimwachia Mzee, na mshahara wa Mzee haukulingana na kazi hiyo. Wateja wetu wakubwa walikuwa mashamba ya Muheza, Korogwe na Pangani. Mkonge wakati huo ulikuwa bado una jina, na Serikali ilikuwa imetaifisha mashamba mengi mwaka 1967, kwa hiyo gari lililokuja mwaka jana likiwa la bwana fulani sasa lilikuja likiwa la shirika, na dereva yuleyule.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye betri kila mara. Mzee hakuruhusu mtu ashike dainamo, swichi wala waya wa taa kabla mkanda haujafunguliwa na kukunjwa pembeni, mbali na kichwa, usije ukajirudi wenyewe. Mkanda wa shaba una tabia hiyo: ukiuacha hewani hujipinda na kurudi ulikozoea. Aliuwekea kipande cha tairi juu yake. Vichwa vya Lucas vya zama hizo vilikuwa kama kofia ya risasi inayofunika nguzo ya betri, na katikati kuna skrubu moja. Ulitumia bisibisi iliyosimama wima, siyo spana iliyolala. Ndiyo maana naona kosa la kuanza na upande usio wa bodi lilisamehewa mara nyingi siku zile: bisibisi iliyosimama haifiki kwenye bodi. Vilipokuja vichwa vya kubana kwa bolti ya pembeni, spana ikaanza kuzunguka kwa upana, na kosa lilelile likawa na bei.

Kila gari lilikuwa na mahali pake pa kufichia betri, na kila mahali pana hatari yake. Land Rover za dizeli za zamani zilikuwa na betri mbili za volti 6 zilizoungwa mfululizo, moja ikiwa chini ya kiti. Volkswagen ya kobe, iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1954 ikiwa na Vic Preston na kila mwalimu akaitamani, ilificha betri chini ya kiti cha nyuma. Kiti hicho kilikuwa na springi za chuma na kilijazwa nyuzi za makumbi na singa. Abiria watatu wanene wakikaa, springi inashuka. Kifuniko cha betri kikiwa kimepotea, springi inagusa kichwa, na makumbi tunajua yanavyoshika moto. Mzee alikataa kuirudisha Volkswagen kwa mwenyewe bila kifuniko. Kama hakipo, alikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la lori akakifunga. Hakuna aliyemlipa kwa mpira huo.

Betri nazo hazikuwa masanduku yaliyozibwa kama za leo. Ganda lilikuwa la mpira mgumu mweusi, juu limezibwa kwa lami, na viunganishi vya risasi kati ya seli na seli vilikuwa wazi juu yake. Ukiiegesha spana juu ya betri kwa dakika moja, umekwisha. Lakini uwazi huo ulikuwa na faida: ungepima kila seli peke yake, volti 2 na kidogo, ukajua ni ipi imekufa. Pale mjini palikuwa na watu waliopasha lami, wakafungua betri, wakabadilisha sahani za seli moja na kuifunga tena. Tindikali ilipimwa kwa haidromita, na kwa joto la pwani tuliichanganya nyepesi kuliko walivyoandika kwenye vitabu vya nchi za baridi. Siku zote tindikali inamiminwa kwenye maji, kamwe maji hayamiminwi kwenye tindikali. Risasi iliyotolewa iliyeyushwa uani, watoto wakicheza karibu. Hilo sikulifikiria wakati huo, wala wenzangu. Baada ya yaliyowapata watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilimwaga sumu mtaani mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, hakuna fundi mwenye haki ya kusema hajui.

Nimetoka nje ya njia; nirudi kwenye mkanda.

Karibu na mwaka 1967 Waingereza wakageuka tena. Transista zilikuwa zimeingia kwenye redio, na altaneta ilikuwa inaiondoa dainamo. Chrysler ya Marekani iliiweka kwenye Valiant ya mwaka 1960, na wengine wakafuata. Vifaa hivi havivumilii kugeuziwa upande, na dunia nzima ilikuwa inaelekea kwenye bodi hasi. Land Rover ikageuka, MGB ikageuka. Ikawa kwamba shamba moja linatuletea Land Rover mbili za rangi moja, zote zimechakaa sawasawa, moja ya mwaka 1964 bodi chanya, nyingine ya mwaka 1968 bodi hasi. Waya mweusi katika zote mbili ni wa bodi, kwa kuwa Waingereza walishikilia rangi: mweusi bodi, wa kahawia moto wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, mweupe moto wa swichi. Hivyo mweusi wa gari la kwanza ni chanya na mweusi wa gari la pili ni hasi. Mkanda, hata hivyo, ulikuwepo kote kuwili, na Mzee aliendelea kusema alichokuwa akisema tangu Kongwa. Yeye mabadiliko yale hayakumsumbua hata siku moja.

Walioyasumbua magari ni sisi mafundi, kwa kuyageuza wenyewe. Mwenye gari akinunua redio ya kisasa alitaka bodi iwe hasi. Redio za awali zilikuwa na kibao cha kugeuzia upande, za baadaye hazikuwa nacho. Kazi haikuwa kubwa: unageuza betri, unabadilishana nyaya za koili na za mita ya ampea, kisha unaifundisha dainamo upya. Dainamo hukumbuka upande kwa sumaku iliyobaki kwenye chuma chake. Unaondoa waya wake mdogo kwenye kichwa kilichoandikwa F na kukigusisha kichwa hicho mara moja na waya wa moto kutoka kwenye betri iliyogeuzwa, cheche ndogo inatoka, imekubali. Magari mengi yaligeuzwa hivyo Tanga, Moshi, Nairobi na Kampala. Karibu hakuna lililoandikwa popote kwamba limegeuzwa. Nakala za vitabu vyao bado zinasema chanya.

Gari lisilo na mkanda wala alama, ambalo nyaya zake zimebadilishwa na kila mtu, lilikuwa na kipimo chake. Unachukua nyaya mbili nyembamba za shaba kutoka kwenye betri na kuzichoma kwenye kiazi mviringo kilichokatwa. Baada ya muda, panapozunguka waya wa chanya panageuka kijani. Au unazitumbukiza kwenye maji ya chumvi: upande wa hasi unatoa mapovu mengi. Na kama nguzo za betri hazijaliwa sana, ile iliyo nene ni ya chanya. Lakini hayo yanakwambia upande wa betri tu. Upande wa kuanza kufungua unaambiwa na bodi.

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na Wahindi wengi wakaondoka. Sardar aliondoka pia, na wengi wetu tuliokuwa tukipewa spana tukajikuta tunazigawa. Nasema kwa haki yake: aliacha mashine ya kuchajia na vitabu vyote rafuni. Mzee alikuwa ameanza kuona kwa shida. Tulihamia chini ya mwembe, na miembe ya mji huu imelea mafundi wengi kuliko shule yoyote. Hapo ndipo mafunzo yalipopoteza sababu zake. Kijana alijifunza kwa kuangalia mkono wa mwenzake, na mkono hauelezi.

Tabia moja mbaya ilikua wakati huo na haijafa. Kupima kama dainamo inachaji, fundi aliwasha injini kisha akachomoa kichwa cha betri. Injini ikiendelea, dainamo ni nzima. Kwa dainamo, mara nyingi haikuharibu zaidi ya balbu. Ilipokuja altaneta, fundi yuleyule akaendelea kuchomoa. Altaneta inayochaji ikinyang'anywa betri ghafla hutupa mpigo wa umeme unaoweza kupita volti 80 kwenye nyaya za volti 12. Diodi zinakufa, na fundi anamwambia mwenye gari, "Unaona, altaneta yako ilikuwa mbovu." Ni yeye aliyeiua. Hukumu yangu kuhusu jambo hili ni kali kwa sababu kipimo sahihi ni rahisi mno: mita kwenye vichwa vya betri, injini inaunguruma, ukisoma volti 14 hivi, funga boneti. Kwenye gari la leo lenye kompyuta, mchomo ule unaua kitu cha bei kuliko altaneta.

Miaka ya vipuri kuadimika, baada ya vita vya Kagera, tuliishi kwa kuokoteza. Kisha bajeti ya mwaka 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize vitu bila kuulizwa amezipata wapi, na magari ya Kijapani yaliyotumika yakaanza kumiminika, mengine moja kwa moja, mengine kwa njia ya Dubai. Hayo yalikuja na bodi hasi yote. Mkanda wa shaba haukuwemo. Mahali pake palikuwa na waya mweusi uliovikwa plastiki, umefungwa kwa bolti ya spana namba 10. Hapo kanuni ikabadilika mdomoni mwa mafundi. Kwanza ikawa "mweusi kwanza," kisha ikawa "hasi kwanza." Kwa Toyota ya mteja hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba rangi hazikuhama na magari. Ndani ya Toyota waya wa bodi kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi, na mweusi mtupu mara nyingi ni wa moto. Kijana aliyezoea Land Rover aliuchukulia mweusi kuwa bodi, akaunguza fyuzi. Aliyezoea Toyota akipelekewa Land Rover ya babu yake anafanya kinyume.

Malori na mabasi yana hesabu yake. Fuso na Scania ni za volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo. Unaanza na betri ile ambayo kichwa chake kimefungwa kwenye chasisi, kisha kiunganishi cha katikati, kisha moto. Ukianza na kiunganishi huku mkanda upo, betri moja bado iko kazini. Na wanaounda mabodi ya mabasi, wanaochomelea siku nzima juu ya chasisi, wafungue betri na nyaya za altaneta kwanza, na kibanio cha bodi cha mashine ya kuchomelea kibane karibu na pale wanapochoma. Nimeona mabasi mapya kabisa yakifa kompyuta kabla ya safari ya kwanza.

Kuhusu magari ya sasa nitasema kidogo, kwa kuwa vijana wanayajua kuliko mimi, au wanapaswa kuyajua. Mifuko ya hewa ya usukani ina chaji yake ya akiba. Vitabu vya Toyota vinataka usubiri angalau sekunde 90 baada ya kufungua hasi ndipo uguse nyaya zake. Gari likizimwa, kompyuta zake huchelewa kulala, kwa hiyo ufunguo utoke na ukae mbali, na upe gari dakika kadhaa. Prius nyingi zina betri ndogo ya volti 12 nyuma, na nyingine ya zaidi ya volti 200 yenye nyaya za rangi ya chungwa. Kufungua ile ndogo hakukupi ruhusa ya kushika za chungwa. Na betri ikiwa nyuma kwenye buti inayofunguka kwa umeme, acha buti wazi mpaka umalize.

Niliwahi kusoma karatasi ya mtihani wa ufundi ambamo swali lilikuwa upande gani wa betri unafunguliwa kwanza, na jibu lililokubaliwa lilikuwa hasi, basi. Kijana mmoja alikuwa ameandika "upande wa bodi" akanyimwa alama. Nilimwendea msahihishaji, tukasema sana, hakubadilisha. Mzee wangu, aliyejifunza Kongwa na kufa bila cheti hata kimoja, angefeli pia.

Land Rover za mkonge bado zipo. Ziko chini ya vibanda huko Korogwe na Lushoto, ziko kwa watu wa utalii Arusha, na siku hizi wako wanaozitafuta kwa bei kubwa ili kuzirudisha kama zilivyotoka kiwandani mwaka 1958. Mwenye gari la namna hiyo nakuomba: kabla hujalipeleka kwa fundi yeyote, fuata kwa macho yako kichwa kipi cha betri kimeungwa na chasisi, chukua brashi na rangi nyeupe, na uandike kando ya betri, kwa herufi kubwa, BODI CHANYA au BODI HASI, na volti zake. Na fundi unayepokea gari hilo ukakuta halijaandikwa, andika wewe, hata kama hulipwi kwa rangi hiyo.